Wa Tatu

Kila Jumanne saa nne asubuhi, mzee Kasoga alikuja kutumikia kifungo chake jikoni kwa Bi Sihaba. Ndivyo Mahakama ya Dunia ilivyohukumu siku hizi. Aliyeangamiza watu hakufungwa gerezani. Alipelekwa nyumbani kwa waliosalia, awatajie majina ya wafu wao bila kusoma, mpaka siku atakayokufa.

Mwaka wa kwanza Bi Sihaba alikuwa akitapika. Sasa ulikuwa wa kumi na moja, naye alichambua mchele tu, sauti ya mzee ikimpita kama redio ya jirani.

"Mrisho bin Hamadi," alisema Kasoga. "Tunu binti Hamadi."

Kisha akajifuta uso kwa kiganja.

"Niwie radhi, mama. Wa tatu amenitoka."

"Mdogo wao," alisema Bi Sihaba bila kuinua macho.

"Naam, yule mdogo. Jina lake."

Bi Sihaba akafungua kinywa. Alikumbuka uzito wa mwanawe huyo mgongoni, na vipele vya joto shingoni mwake. Jina halikuja. Miaka kumi na moja hakuwahi kulitamka mwenyewe, alikuwa akitamkiwa.

Alingoja moyo umwume. Haukumwuma. Akaweka ungo chini, akammiminia mzee chai, akaongeza sukari.

"Kunywa kwanza," alimwambia. "Usijiharakishe."

Akaketi mbele yake, akaikazia macho midomo ile, akisubiri.