Mikono ya Chausiku

Zubeda alimwajiri Chausiku akijua fika kwamba mwenzake alikuwa amesaini kwa mwajiri wake wa zamani, Mama Tunu, kuwa hatasuka nywele katika saluni nyingine yoyote ya mji ule kwa mwaka mzima. "Utafagia na kufua taulo tu," alimwambia. Chausiku akakubali, maana watoto walihitaji kula.

Asubuhi moja akaja bibi harusi. Alitaka mtindo ambao mjini mule ni Chausiku peke yake aliyeuweza, na ndoa ilikuwa alasiri.

"Dada Zubeda, mimi siruhusiwi kugusa," Chausiku alisema. "Lakini kuelekeza sijakatazwa. Nadhani."

Basi akaketi pembeni, mikono kaikalia. "Gawa hapo. Punguza. Sasa vuta kuelekea sikioni." Zubeda akafuata neno kwa neno, na vidole vyake vikaanza kwenda kwa namna ambayo hakuwahi kuviona vikienda. Alifurahi, kisha akaingiwa na hofu, kisha hakujua anahisi nini.

Pazia la mlangoni likafunuliwa, akaingia Mama Tunu. Hakumsalimu mtu. Alimwendea bibi harusi, akapitisha kidole taratibu juu ya misuko.

"Nani amesuka hizi?"

Zubeda alifungua kinywa kusema ni yeye. Akamtazama Chausiku, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe inayong'aa mafuta. Kwenye kioo, bibi harusi aliwaangalia wote watatu, nusu ya kichwa chake ikiwa bado timtim.