Kuni za Atakayefuata

Mvua haikuwa imekatika tangu waondoke mjini, na hema lao lilikuwa limechanika. Asubuhi, chini ya mwamba walikolala, Zawena alikuwa akikausha vijiti kwenye makaa. Desturi ya vilima vile ilikuwa moja: ukikuta kuni kavu, mwachie atakayefuata kuni kavu.

"Achana navyo, turudi," alisema Sadala, mumewe. "Nani atapita huku na mvua hii?"

"Mimi, nikishuka kutoka kileleni. Mara mbili umenirudisha mjini kutoka hapa hapa."

Alivipanga vijiti ndani ya ufa wa mwamba, akavaa shanta mgongoni, akaanza kupanda.

Sadala alibaki na kiberiti chao, kikavu ndani ya nailoni. Aliitazama njia ya mjini. Kisha akainama, akakiweka juu ya kuni.