Chui wa Nakiete

Siku hizo, milimani Upare, wazee walihudumiwa na mashine; binadamu alipanda kule pale tu picha ya chui ilipotumwa. Basi Nakiete, mjane aliyechoshwa na ukimya, akampiga picha paka wake kwa karibu, kati ya migomba, akaituma.

Askari wa wanyamapori akafika akihema. "Mama, huyu si paka?"

"Ni paka, mwanangu. Karibu chai ya tangawizi."

Akacheka, akaketi, wakapiga soga hadi birika likakauka. "Picha nitaifuta," akaahidi.

Asubuhi mashine zilikuwa zikitoa godoro la jirani yake wa pekee.

"Eti penye chui hapakaliwi," jirani akalia.

"Ni paka wangu! Muulizeni askari!"

"Askari alipanda, kwa hiyo picha imethibitishwa," mashine moja ikajibu kwa upole, ikauelekea mlango wa Nakiete.