Sauti ya Baba Redioni

"Karibuni sayari mpya, maji yapo tele," ilisema sauti ya baba redioni, kama ilivyosema kila asubuhi tangu wamzike kwenye mchanga mwekundu.

Visima vilikauka mwaka uleule. Binti yake, fundi redio wa kambi, alitaka kuuzima ujumbe ule uliokuwa ukirushwa angani, lakini mama alimshika mkono. "Niachie sauti yake tu, mwanangu. Nani atatusikia huku?"

Akamwachia.

Leo redio ilijibu.

"Hamjambo huko!" Sauti ya msichana, changa kama ya binti. "Tumemsikiliza huyo mzee safari nzima, ametutia moyo kweli. Tuko watu mia nne. Tunatua kesho."

Binti alilamba midomo iliyopasuka kwa kiu, akaonja damu.

"Msitue! Maji hakuna. Geuzeni chombo!"

Msichana alicheka. "Tugeuze kwa mafuta gani, dada? Yaliyobaki ni ya kutua tu. Unatania, sivyo?"

Mlango ulifunguka. Mama alivuta kiti chake kama kawaida, akaketi.

"Ongeza sauti kidogo, mwanangu," alisema. "Leo baba yako simsikii vizuri."