Mvua ya Lushoto

Kama sheria inavyotaka, siku ya ndoa yetu karani aliiamuru kompyuta itafute jina la marehemu mke wa Shekue katika maandishi yote ya nyumba, na kila lilipoonekana liwekwe langu, Zaina, kwa herufi nzito.

Jioni mimi hupenda kusoma jumbe ambazo Shekue alimwandikia marehemu zamani. “Zaina, mvua ya Lushoto ilitulowesha, nawe ukacheka njia nzima.” Sijawahi kufika Lushoto. Lakini baridi ile naikumbuka, na kanga zilivyonigandia mwilini.

Jana binti yao aliniuliza, “Mama, siku ile ya mvua mimi nilikuwa wapi?”

“Nilikubeba mgongoni.”

Shekue alinigeukia.

“Hivi marehemu,” akasema polepole, “alikuwa akiitwa nani?”

Nikafungua kinywa nimwambie. Jina halikuja.