Ngeli ya Mtu

Salha hakuwa na ndugu wa kumsindikiza hospitalini, wala kadi yenye jina lake la kike, wala nguvu za kusimama. Homa ilikuwa imeingia siku ya nne.

“Hiki kinaumwa nini?” nesi alimuuliza mwenzake, akicheka. “Kimezaliwa dume, kimevaa dera.”

“Dada, mimi ni mtu,” Salha alisema. “Sema ‘anaumwa’.”

“Kikitaka dawa, kinyamaze.”

Salha hakunyamaza. Aliomba karatasi kwa bibi aliyeketi kando, akamwandikia mganga mkuu: “Kiti kinavunjika, mtu anaumwa. Nesi wako amesomea uuguzi bila kujua tofauti hiyo. Siondoki hapa mpaka niitwe kama mtu na nitibiwe.”

Akaikunja barua, akaifunga kwa plasta aliyoibandua kidoleni, akampa mfagizi aliyekuwa akipita ampelekee mganga mkuu ghorofani. Viatu vya mfagizi vikaanza kupanda ngazi, polepole.