Kizingiti cha Mzee Shomvi

Muuguzi Leokadia alilaza kipande cha ubao katikati ya wodi. "Hicho ndicho kizingiti chako, mzee. Ukikivuka, kesho tunakuruhusu urudi nyumbani."

Mzee Shomvi, aliyekatwa mguu mmoja, alikaza magongo kwapani. "Changu kiko juu zaidi. Nilikijenga mwenyewe, mafuriko yasiingie."

"Ulijenga nyumba au gereza?" mgonjwa mmoja akamtania, na wengine wakacheka. Leokadia akaongeza ubao wa pili juu ya ule wa kwanza.

Mlangoni akatokea Tunu, ofisa ustawi wa jamii, aliyekuwa amekwenda kukagua nyumba ya mzee kabla hajaruhusiwa. Leokadia akamfuata kumsikiliza.

"Mwanawe amekipangisha chumba," Tunu akanong'ona. "Nimemkuta mpangaji kalala kwenye kitanda cha mzee. Mwana anataka tumwambie baba yake kwamba bado hajapona."

"Tumwambie sisi?"

"Sisi. Tena alinikaribisha soda."

Nyuma yao gongo liligonga saruji. Mzee Shomvi alikuwa amezivuka mbao zote mbili peke yake, jasho likimchuruzika, na wodi nzima ilimpigia makofi.

"Sista, umeniona?" aliita. "Na wewe binti, umefika kwangu? Mwanangu kasemaje?"

Makofi yakakoma. Kila mgonjwa alitaka kulisikia jibu, na mzee, badala ya kukaa, alibaki amesimama kwa mguu wake mmoja, akitabasamu.